Shubiri

Baba alichimba makaa miaka thelathini na mmoja
chini ya mji wa Bytom. Alipostaafu
akanunua tangi la kioo, lita mia nne,
akaliweka pale lilipokuwa kabati la harusi ya mama.
Sakafu ililalamika. Jirani wa chini, Bwana Rufin,
alipanda na tochi mkononi, akashuka kuikagua dari yake.

Mimi nilikuja Novemba, masanduku mawili
na talaka ambayo wino wake haujakauka.
Baba hakuuliza kitu. "Usiguse maji," akasema,
akanionyesha kitanda.

Yule mnyama si anemoni uliyemzoea,
yule ang'ang'aniaye mwamba, alezi wa samaki wa chungwa
wenye mishipi myeupe. Huyu hana mwamba, hana wageni.
Hujifumia bomba kwa ute na nyuzi za mwili wake,
hulizika mchangani, hukaa humo
kama mchimbaji aliyekataa kupanda lifti.
Mchana huchungulia. Usiku hufunguka:
minyiri mirefu nje, zambarau iliyofifia,
na mifupi katikati, ikijikunja mdomoni
kama vidole vya mtu ahesabuye pesa gizani.

"Mbona upande huu yuko peke yake?"

Baba akatoa daftari la zamu, lile la mgodini,
jalada lake bado lina vumbi jeusi kwenye mikunjo.
*Machi, tarehe tisa. Samaki wa kijani na buluu,
mwendo wa bibi harusi. Alipita karibu usiku. Hakutoka.
Kosa ni langu.*
*Mei. Tumbawe la jirani, ubavu mmoja umeungua, mweupe.
Kosa ni langu.*
*Juni. Kamba wawili. Kosa ni langu.*
Nilifunua kurasa zote.
Hakuna mahali alipomlaumu mnyama.

Basi alianza upya. Alifukia bomba la plastiki
ndani ya mchanga mwororo, wima, kama shimo la mgodi,
apate nyumba kabla hajajijengea.
Pampu akaivika sponji. Matumbawe akayahamishia
ng'ambo, juu, kwenye mwanga ambao huyu hauhitaji.
Waliobaki ni samaki wakubwa wa manjano, waogeleaji wa juu,
na konokono wasiomjali mtu.
Samaki mdonoaji hapana: hata mwenye sumu hudonolewa akachoka,
akajifungia ndani, akafa na njaa mlangoni pake.

"Shubiri mbili kila upande, pasikae kitu,"
akatandaza kiganja chake kwenye kioo,
kidole cha mwisho hakifiki, kilibaki mgodini.
Hiyo ni shubiri ya kupima.
Ile ya kunywa nilikuja nayo mwenyewe, sandukuni.

Desemba nilisogeza tumbawe la matawi.
Nilitaka pendeze tu. Kulipokucha ncha tatu zilikuwa majivu.
Tulipigiana kelele mpaka Rufin akagonga bomba la joto.
Nikasema, vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana.
Baba, huku akitafuta miwani:
"Si uweke kimoja rafu ya juu?"

Wiki nzima hatukusemezana.
Yeye alikula jikoni, mimi dirishani,
theluji ikijaa kwenye reli za tramu.

Halafu usiku mmoja, saa nane, niliamka.
Alikuwa ameketi mbele ya tangi, taa nyekundu,
na kiti cha pili kando yake. Si karibu sana.
Nilikipima kwa macho kabla ya kuketi.
Akanipa koleo refu na kipande cha kamba.
"Taratibu. Usimwangukie. Mwache akifuate."

Mnyiri mmoja ulikigusa, ukasita.
Kisha yote ikafumba kwa pamoja, na kipande kikapotea.

Asubuhi nilisoma daftari, yeye bado amelala:
*Februari, tarehe mbili. Amelisha Ula.
Mkono ulitetemeka kidogo.
Hakuna kosa.*